Kupiga kura Ufilipino bila kuiharibu kura: mwongozo kamili kuanzia daftari hadi wino

Makosa ni yaleyale kila uchaguzi. Mtu anasafiri usiku kucha kwa basi na boti hadi kijijini kwao, anapanga foleni juani, kisha anaambiwa jina lake halimo. Mwingine anachagua maseneta 13 badala ya 12 na safu yake yote ya useneta inakuwa bure. Wa tatu anasahau kugeuza karatasi.

Mwongozo huu ni wa raia wa Ufilipino anayesoma Kiswahili: mtoto wa mama Mfilipino na baba Mkenya au Mtanzania, aliyerudishiwa uraia wake kwa sheria namba 9225 ya 2003, au yeyote atakayemsindikiza mwenzake kituoni. Uchaguzi wa taifa hufanyika Jumatatu ya pili ya Mei kila baada ya miaka mitatu, na wa rais kila baada ya sita. Ujao wa rais unaangukia 8 Mei 2028.

## Vitu vya kuwa navyo

- Jina lako kwenye daftari, likiwa hai. Hiki ndicho kitu pekee kisicho na mbadala.
- Namba ya presinti, yaani kundi la wapigakura ulilopangiwa, na namba yako ya mfuatano, zimeandikwa kwenye karatasi.
- Kitambulisho chenye picha: pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha taifa. Hukiombwi kila mara, ila walimu wanaosimamia kituo wakishindwa kukutambua ndicho kitakachokuokoa.
- Kodigo, yaani karatasi ndogo ya majina uliyoamua kuyachagua.
- Maji, kofia au mwavuli, na leso ya kufutia jasho. Mei ni mwezi wa joto kali.

Acha nyumbani fulana, kofia au vipeperushi vyenye jina au sura ya mgombea. Kampeni siku ya kura ni kosa, na mabishano mlangoni yatakupotezea saa nzima. Kalamu yako pia haina kazi, utapewa ya Tume ya Uchaguzi.

## Hatua ya 1: Hakikisha jina lako liko hai

Anayeruhusiwa kuandikishwa ni raia mwenye miaka 18 au zaidi siku ya kura, aliyeishi nchini angalau mwaka mmoja, na angalau miezi sita katika mji au manispaa anayotaka kupigia kura.

Uandikishaji hufanyika katika ofisi ya afisa uchaguzi wa mji au manispaa, iliyo chini ya Tume ya Uchaguzi, COMELEC. Wakati mwingine meza huwekwa hata kwenye maduka makubwa. Nenda mwenyewe, kwa sababu wanachukua picha, alama za vidole na saini. Risiti ya kodi ya kichwa wanayoiita cedula haikubaliwi kama kitambulisho, na wengi hurudishwa kwa sababu hiyo.

Kisheria uandikishaji lazima ufungwe siku 120 kabla ya uchaguzi. Usiutegemee ukomo huo. Kwa uchaguzi wa Mei 2022 Tume ilifunga 30 Oktoba 2021, na kwa ule wa Mei 2025 ilifunga 30 Septemba 2024. Hesabu kwamba mlango unafungwa miezi sita hadi minane kabla, na wiki ya mwisho foleni huzunguka jengo.

Aliyeandikishwa zamani naye asilale. Usipopiga kura katika chaguzi mbili za kawaida mfululizo, jina lako huzimwa. Halifutwi, ila siku ya kura ni kama halipo. Dawa yake ni kuomba liwashwe upya katika ofisi ileile, ndani ya kipindi cha uandikishaji.

Aliyehama naye aombe uhamisho. Kuna watu wamefanya kazi Manila miaka kumi na bado wameandikishwa kwao, kwenye visiwa vya Samar au Leyte. Hao wana njia mbili tu: wahamishe jina, au wapande basi kurudi kwao. Hakuna kituo cha Manila kitakachowapa karatasi ya Samar.

Dalili kuwa umefaulu: jina lako linaonekana likiwa hai kwenye ukurasa wa COMELEC wa kutafutia presinti, ambao hufunguliwa wiki kadhaa kabla ya uchaguzi, au ofisi ya afisa uchaguzi imekuthibitishia.

Onyo: siku ya kura hakuna wa kukuingiza. Ombi mahakamani la kuingizwa kwenye daftari halipokelewi ndani ya siku 105 kabla ya uchaguzi, sembuse asubuhi ya Jumatatu yenyewe. Kumfokea mwalimu hakutabadilisha kitu, hana mamlaka hayo.

## Hatua ya 2: Jua chumba chako na namba yako

Vituo vingi ni shule za serikali. Shule moja inaweza kuwa na vyumba kumi au zaidi, na kila chumba kinahudumia presinti kadhaa zilizounganishwa. Kwa hiyo kujua shule hakutoshi.

Namba ya presinti huwa tarakimu nne na herufi, mfano 0123A. Namba ya mfuatano ni nafasi yako kwenye orodha ya chumba hicho. Hiyo ya pili ndiyo watu huidharau, na ndiyo inayookoa muda. Mwalimu anayeshika orodha yenye mamia ya watu, nusu yao wakiitwa Santos, Reyes na Cruz, atakupata haraka zaidi kwa namba kuliko kwa jina.

Tafuta namba hizo mapema. Asubuhi ya uchaguzi ukurasa wa mtandaoni huelemewa, na meza ya msaada shuleni huwa na foleni yake. Ukikwama kabisa, orodha imebandikwa nje ya kila chumba.

Mwanamke aliyeolewa atafute kwa majina yote mawili, la kwao na la mume. Kama hakuwahi kupeleka ombi la kubadilisha jina, daftari bado lina la zamani, na atapiga kura kwa hilohilo bila shida. Mwenye "Jr." aangalie asije akasoma mstari wa baba yake.

## Hatua ya 3: Andika kodigo

Kodigo ni kile ambacho mwanafunzi wa Kenya angekiita mwakenya, karatasi ya kuibia mtihani, tofauti ni kwamba hapa ni halali na Tume yenyewe inahimiza watu waje nacho. Sababu ni hesabu. Katika uchaguzi wa rais, mkazi wa manispaa ya kawaida huchagua:

- rais 1;
- makamu wa rais 1, kwa kura yake mwenyewe, si kwa tiketi moja na rais;
- maseneta 12;
- kundi la uwakilishi wa orodha, *party-list*, 1, yaani kundi linalogombea viti vya bunge kwa orodha yake;
- mbunge wa jimbo 1;
- gavana 1 na makamu wake 1;
- wajumbe wa bodi ya mkoa, idadi hutegemea eneo;
- meya 1 na makamu wake 1;
- madiwani 8.

Hizo ni kura 28 kabla hujagusa bodi ya mkoa. Kwenye useneta peke yake, majina zaidi ya 60 yalichapwa mwaka 2022, na zaidi ya 60 tena mwaka 2025. Anayeingia bila karatasi huanza kutafuta majina anayoyakumbuka kutoka kwenye televisheni, na hapo ndipo kuhesabu kunapompotea.

Idadi inabadilika kulingana na mahali. Miji ya Metro Manila, eneo la mji mkuu, haina gavana. Wakazi wa Cebu City na Davao City nao hawachagui gavana wa mkoa, kwa hiyo ukiona nafasi hiyo haipo kwenye karatasi yako usidhani umepewa karatasi mbovu. Mji wa Manila huchagua madiwani 6 kwa kila wilaya. Katika uchaguzi wa katikati ya muhula, kama ule wa 2025, rais na makamu hawamo.

Andika kodigo hivi: kwa kila jina, weka namba ya mgombea, jina la ukoo, kisha jina la utani lililochapwa. Wagombea hupangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, na baada yake huja jina wanalojulikana nalo mtaani. Mwaka 2022, kwa mfano, mgombea urais Marcos aliandikwa "Bongbong" na mpinzani wake Robredo "Leni". Usipoandika namba, majina ya ukoo yanayofanana yatakuchanganya: mwaka 2025 safu ya useneta ilikuwa na akina Tulfo wawili, Ben na Erwin, wakifuatana.

Kundi la uwakilishi wa orodha ndilo gumu kuliko yote. Makundi huwa zaidi ya 150, mengi yana majina ya kifupi yanayofanana, na mpangilio wake hutokana na bahati nasibu, si alfabeti. Hapa andika namba kwa herufi kubwa kabisa. Bila namba utasoma safu zote, na nyuma yako kuna watu mia.

Dalili kuwa umefaulu: ukihesabu mistari ya useneta unapata 12 au pungufu, na kila mstari una namba.

## Hatua ya 4: Chagua saa ya kufika

Mwaka 2022 vituo vilifunguliwa saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku. Mwaka 2025 vilifunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku, na saa mbili za kabla ya hapo, kuanzia saa 11 alfajiri, zilitengwa kwa wazee, wajawazito na wenye ulemavu. Saa hupangwa upya kila uchaguzi, kwa hiyo soma tangazo la Tume.

Asubuhi na mapema kuna foleni lakini hakuna jua. Mchana foleni hupungua, joto likapanda. Jioni ni saa ya kamari: mashine ya kusoma kura ikikwama saa 12 jioni, wewe ndiye utakayekesha. Hata hivyo sheria inamlinda aliyechelewa kidogo. Ukiwa ndani ya mita 30 za chumba muda unapoisha na hujapiga kura, jina lako huandikwa na utapiga.

Pombe ni marufuku siku ya kura na mkesha wake, kuuza na kunywa. Sherehe za ushindi zisubiri.

## Hatua ya 5: Mlangoni na mezani

Ndani kuna bodi ya watu watatu, kwa kawaida walimu wa shule za serikali: mwenyekiti, karani na mjumbe wa tatu. Kando wamekaa mawakala wa vyama na wa makundi ya uangalizi kama PPCRV, lililo karibu na Kanisa Katoliki.

Taja namba ya presinti, namba ya mfuatano, kisha jina. Wataangalia vidole vyako kama vina wino, watakutafuta kwenye orodha yenye picha, na utasaini. Soma mstari kabla ya kusaini. Ukisaini mstari wa mtu mwingine, mwenye jina akija ataambiwa ameshapiga.

Utapewa karatasi ndani ya folda ya kuficha kura, pamoja na kalamu. Kabla ya kuondoka mezani, igeuze pande zote mbili. Iwe haina alama yoyote, haina mchaniko wala doa. Ukiona kasoro sema hapohapo. Ukishaketi na kuanza kuandika, kasoro hiyo inaonekana ni yako.

## Hatua ya 6: Kujaza karatasi

Hapa ndipo kura nyingi hufia. Nenda taratibu.

Futa mikono kwanza. Jasho likilowesha pembeni ya karatasi, mashine inaweza kuikataa. Usiikunje, na usiguse kwa kalamu alama nyeusi za ukingoni, kwani ndizo mashine hutumia kusoma.

Jaza kiduara chote. Kila jina lina kiduara chenye umbo la yai kushoto kwake. Usiweke tiki, msalaba wala nukta. Mashine haisomi nia yako, inapima wino uliomo ndani ya kiduara. Kikijazwa nusu unaiachia mashine iamue, na hiyo si kazi ya kuiachia.

Anza na useneta ukiwa bado na akili tulivu. Jaza ukihesabu: moja, mbili, hadi kumi na mbili. Weka alama kwenye kodigo kila unapomaliza jina.

Fahamu tofauti ya kuzidisha na kupunguza. Ukichagua maseneta 9, tisa wote wanahesabiwa. Ukichagua 13, hakuna hata mmoja anayehesabiwa katika nafasi hiyo, kwa kuwa mashine haijui yupi wa kumwacha. Nafasi nyingine kwenye karatasi hiyo hazidhuriki. Kwa hiyo ukiwa na shaka, bora upungukiwe.

Geuza karatasi. Katika chaguzi za karibuni makundi ya uwakilishi wa orodha yamechapwa upande wa nyuma. Kundi moja tu. Watu wenye makundi mawili wanayoyapenda hujaza yote mawili, na kura hiyo inapotea.

Usifute. Hakuna ufutio, na kukwaruza wino kunatoboa karatasi. Ukikosea kwa mkono wako hupewi karatasi nyingine. Kama umejaza mgombea urais asiye wako, ukimjaza na wa kwako umeshazidisha, na urais wako umekwisha. Acha kama ilivyo na uendelee.

Simu ibaki mfukoni. Kupiga picha karatasi yako ya kura ni kosa, na sababu yake kila mtu mtaani anaijua: picha ndiyo stakabadhi ya mnunuzi wa kura. Kununua na kuuza vyote ni kosa la uchaguzi, na adhabu ni kifungo cha mwaka 1 hadi 6 pamoja na kunyimwa haki ya kupiga kura.

Dalili kuwa umefaulu: viduara vyeusi tii, hakuna mstari uliotoka nje, na kila nafasi ina idadi sahihi au pungufu.

## Hatua ya 7: Mashine

Peleka karatasi mwenyewe, ikiwa ndani ya folda. Mwaka 2025 mashine mpya za kampuni ya Miru kutoka Korea Kusini zilichukua nafasi ya zile za Smartmatic zilizotumika tangu 2010, ila kazi ya mpigakura haikubadilika: unaingiza karatasi ikiwa imenyooka, bila kuisukuma kwa nguvu.

Ikirudishwa, usihamaki. Mara nyingi imeingia upande au ina unyevu. Ifute, igeuze, jaribu tena kwa upande mwingine. Hakikisha pia uko chumba chako, maana kila karatasi imechapwa kwa ajili ya presinti zake na mashine ya chumba cha jirani haiipokei.

Ikikataliwa kabisa, swali ni kosa ni la nani. Kama si lako, bodi inaweza kukupa karatasi nyingine. Kama umeichana au umechora ukingoni, basi.

Mashine yenyewe ikifa, jambo lililotokea katika vituo vingi mwaka 2022, waliojaza walipewa njia mbili: kusubiri, au kuiacha karatasi kwa bodi iingizwe baadaye. Ukiwa na nguvu, subiri. Anayeiacha hataona risiti yake, wala hatajua kama mashine ilimsoma alivyotaka.

## Hatua ya 8: Risiti, kisha wino

Mashine hutoa risiti yenye majina uliyoyachagua, utaratibu uliotokana na amri ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2016. Isome yote, hasa useneta na upande wa nyuma. Nafasi uliyozidisha itaonekana hapa.

Jina likiwa si lile ulilojaza, sema kabla ya kuondoka. Bodi itaandika pingamizi lako kwenye kumbukumbu za chumba. Matokeo hayabadiliki papo hapo, lakini bila maandishi hayo huna cha kushika.

Baada ya kusoma, tumbukiza risiti kwenye sanduku lake. Kutoka nayo ni kosa, kwa sababu ileile ya picha.

Mwisho unapakwa wino usiofutika kwenye ukucha wa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Subiri ukauke kabla ya kushika nguo.

## Anayehitaji msaidizi

Asiyejua kusoma au mwenye ulemavu unaomzuia kujaza anaweza kusaidiwa na ndugu wa karibu hadi daraja la nne la ukoo, mtu anayemwamini wa nyumba moja naye, au mjumbe wa bodi. Msaidizi asiye wa bodi anaruhusiwa kusaidia watu watatu tu. Hii ndiyo sababu ukimwona kijana "msaidizi" wa mtaa mzima amesimama mlangoni, mwite mwalimu.

Kwa asiyeweza ngazi, ulizia chumba maalumu cha chini kabla ya kupanga foleni ya juu.

## Aliye nje ya nchi

Mfilipino anayeishi nje hupigia nafasi za taifa tu: rais, makamu, maseneta na kundi la uwakilishi wa orodha. Huandikishwa kwenye daftari la nje kupitia ubalozi, kama ule wa Nairobi au Muscat, na dirisha la kupiga kura huwa siku 30 zinazoishia siku ya uchaguzi wa nyumbani. Mwaka 2025 lilikuwa 13 Aprili hadi 12 Mei.

Mwaka huo balozi nyingi zilianza kura ya mtandaoni, na wengi walikwama kwa sababu moja: walidhani kuwamo kwenye daftari kunatosha. Ilibidi kwanza kujisajili kwenye mfumo kabla ya kupewa karatasi ya kidijitali. Muulize afisa wa ubalozi maswali mawili: ubalozi huu unatumia njia gani, na usajili wa awali unafungwa lini.

Ukirudi kuishi Ufilipino, jina halikufuati lenyewe. Omba lihamishwe kutoka daftari la nje kwenda la mji wako, ndani ya kipindi kilekile cha Hatua ya 1.